Kijiko cha Tele kwa Kihispania

Vijana wangu mnaofanya kazi ya kufasiri, shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Sasa kaeni niwaseme kidogo.

Juzi binti mmoja wa mradi wa maji alipanda bodaboda kutoka Ngara mjini mpaka kwangu, kompyuta mgongoni, akaniomba nimpitishie macho taarifa aliyoifasiri kwa Kihispania kwa ajili ya wafadhili. Kihispania chake ni kizuri kuliko changu, nasema bila wivu. Changu kimekaa muda mrefu bila kutumika. Lakini nilipofika kwenye tangi nikasoma kwamba litachukua lita 5,000, imeandikwa hivyo hivyo, kwa koma. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, hawa watu unataka wakujengee tangi au wakuletee ndoo?"

Akanitazama asielewe. Nikamwambia kwamba kwa Mhispania koma ni mlango wa desimali. Hapo anasoma lita tano, na zile sifuri tatu ni mapambo. Akacheka, akasema ni kompyuta. Siku hizi kila kosa ni la kompyuta. Sisi tulikuwa tunausingizia utepe wa taipureta.

Mimi ni Anatolia. Nilikuwa mpiga chapa na mfasiri katika hospitali ndogo ya masista wa Kihispania, mlimani, upande wa Nyakisasa. Niliingia pale wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, nikapitia hapo vita vya Kagera, nikatoka na mvi. Nyumbani tulisema Kihangaza, shuleni Kiswahili, na ofisini ripoti zote zilikwenda Hispania kwa lugha yao, hivyo kila neno langu lilikuwa limevuka mito miwili kabla halijafika kwenye karatasi. Wengi walidhani ugumu wa kazi uko kwenye maneno. Maneno yana watu wengi wa kuyatetea. Namba, tarehe na vipimo ndivyo vilivyonifundisha kazi.

Aliyenifundisha ni Sista Amparo. Alikuwa mfupi, miwani mizito, mwenye ofisi yenye harufu ya karatasi na mkate, kwa sababu yeye ndiye aliyeoka mkate wa nyumba nzima na hakuona sababu ya kutenganisha kazi hizo mbili. Ukikuta unga kwenye barua ya askofu, ujue ni yeye. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka, kimejaa "tafadhali". Wiki yangu ya kwanza niliandika mtoto amezaliwa na kilo 3.2. Akachukua wembe, akaikwangua nukta yangu taratibu, akaweka koma, akapuliza vumbi. Nikanuna. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, na hapa mzungu ananikwangulia hesabu.

"Neno ukikosea, Anatolia, watacheka," akaniambia. "Namba ukikosea, tafadhali, watatuletea lori tupu."

Basi nikajifunza. Koma kwa desimali. Namba ya tarakimu nne huandikwa imefungana, 1500, bila alama yoyote. Ikizidi hapo, enzi zetu tuliweka nukta kila baada ya tarakimu tatu. Siku hizi naambiwa nukta nayo imestaafishwa, wanaacha nafasi tu. Miezi huanza kwa herufi ndogo. Kifupi cha kilo hakiongezewi chochote kikiwa kwa wingi, wala hakifungwi kwa nukta. Na bilioni yetu si bilioni yao. Yao ni kubwa mara elfu, kwa hiyo ukikutana nayo simama, vuta pumzi, hesabu sifuri kwa kidole. Habari za saa sitawachosha nazo, maana hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba saa mbili yetu si saa mbili ya mzungu.

Mwandiko wa mkono ulikuwa na vituko vyake. Sista Amparo aliandika moja yenye kofia kubwa na saba yenye mkanda kiunoni, kama walivyofundishwa kwao. Siku moja aliandika kwa kalamu kwamba tunaomba katoni 1 ya sabuni, na mtunza bohari kule Biharamulo, ambaye hakuwa amesoma Hispania, akaona saba. Zikaja katoni saba, wakati ambao watu walikuwa wanafua kwa majivu. Tuliandika barua ya kuomba radhi, lakini tuliiandika baada ya kufua.

Kosa lililonipa somo zaidi lilikuwa sahihi kabisa. Sista Daktari, ndivyo tulivyomwita sote, alikuwa mrefu, mwenye haraka, na Kiswahili chake hakikuvuka salamu. Akitaka mgonjwa arudi baada ya wiki mbili alisema "quince días", yaani siku kumi na tano. Nami nikawaambia wagonjwa siku kumi na tano, neno kwa neno, najiona hodari. Wakawa wanafika siku moja baada ya kliniki, milango imefungwa. Mzee mmoja alitoka Lukole kwa miguu. Wakati huo Lukole ilikuwa pori na vishamba, haijawa jina la kambi ya wakimbizi. Sista Daktari akamgombeza kwa kuchelewa, mimi nikafasiri kugombeza kule. Mzee akavua kofia, akasema, "Sista, mimi nimehesabu vizuri. Kama siku za kwenu ni fupi, mseme."

Sista Amparo alicheka mpaka akafuta miwani. Kumbe wenzetu wale wanapohesabu wiki mbili huanza na siku yenyewe waliyosimama, ndiyo maana zinakuwa kumi na tano, na wiki moja wanaiita siku nane. Tangu hapo nikawa nawaambia wagonjwa wiki mbili, na kwenye karatasi ya Sista naandika quince días, na kila mtu akafika siku ileile ya kliniki. Namba zilikuwa tofauti, tafsiri ikawa kweli.

Tarehe za kuzaliwa ndizo zilizokuwa na utamu wake. Mama anakwambia mtoto alizaliwa maharage yakiwa kwenye maua, kabla ya kuhamia kijijini. Wafasiri wavivu, nao walikuwepo, waliandika tarehe mosi Januari, mpaka ukisoma daftari unaona watu wa Ngara huzaliwa sikukuu ya mwaka mpya tu, halafu wanapumzika mwaka mzima. Sista Amparo alinipa neno "hacia", maana yake yapata, karibu na hapo. Akaniambia niliweke mbele ya mwaka bila aibu, kwa sababu kutojua kukiandikwa vizuri nako ni taarifa. Nalipenda neno lile hadi leo. Miaka ile yote, nikiifikiria sasa nimekaa barazani, naiona imeandikwa hivyo.

Nikiwa peke yangu husikia ile taipureta. Ilikuja kwa meli, ina herufi ñ na alama ya kuuliza iliyosimama kichwa chini. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, tumeuinua kwa vizibo vya bia, na kila nikifika mwisho wa mstari meza nzima inaitikia. Asubuhi ukungu unajaa bondeni mpaka vilima vinabaki vichwa tu, Sista Amparo anaingia na kikombe cha kahawa, anasema, "Leo tuna namba nzuri?" Nawakumbuka mpaka kifua kinauma. Msicheke.

Haya, niwaeleze sasa kisa cha kijiko, maana ndicho kilichonikalisha niandike.

Vita vilipoanza kule kaskazini, sisi hatukuona mizinga. Tuliona vitu vikipotea. Malori yalichukuliwa kwenda mbele, petroli ikakatika, sukari ikawa hadithi. Vijana na waume wa mgambo waliondoka wakiimba. Kijiji kipya kilichokuwa chini yetu, kimejipanga kando ya barabara, kikabaki cha akina mama, wazee na watoto. Watu waliokuwa wamezoea kukaa mbalimbali vilimani, kila mji na chemchemi yake, sasa walichota kisima kimoja. Mvua zikaja, na kuhara kukaja na mvua.

Sista Daktari aliwafundisha akina mama kuwanywesha watoto maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari. Sukari ilitoka kwenye kabati la masista wenyewe, na wao wakawa wanakunywa kahawa chungu, Sista Amparo akikunja uso kila asubuhi kama aliyeonewa. Marafiki wa hospitali kule Hispania waliahidi kutuma pakiti za dawa zilizopimwa tayari, ila walitaka taarifa: watoto wangapi, wanapewa nini, kiasi gani, na wanaendeleaje. Kazi yangu ikawa kukaa na akina mama, kuuliza kwa Kihangaza, na kuandika kadi kwa Kihispania. Kila mmoja nilimwuliza chumvi kiasi gani. Kila mmoja alinijibu kijiko kimoja. Niliandika "una cucharadita", kijiko kidogo kimoja, kadi baada ya kadi. Karatasi safi za kupendeza.

Watoto wengi walipona. Lakini wapo waliorudi wakiwa na kiu isiyokatika, wanalia bila machozi, wanashtuka wakiguswa. Mmoja wao alikuwa Deo, mtoto wa Verediana. Verediana alikuwa jirani yetu tangu kule mlimani kabla ya kuhamishwa. Tulicheza pamoja, tukapata kipaimara siku moja. Mumewe alikuwa vitani. Alimleta mtoto hospitalini akiwa amembeba kifuani, si mgongoni, na alikuwa anamwambia maneno ya kawaida tu, kwamba baba yake atarudi na kofia ya chuma amchezee. Deo alifariki kabla jua halijapanda. Ndiye mtoto pekee waliyekuwa naye.

Sista Daktari aliniita na kadi ya mtoto yule. "Soma," akasema. Nikasoma kijiko kidogo kimoja. "Haiwezekani," akasema. "Dalili hizi ni za chumvi iliyozidi. Soma tena." Nikasoma tena, na sauti yangu ikaanza kupanda, kwa sababu nilijua nilichosikia na nilijua nilichoandika. Akanitazama kwa muda, akachukua mfuko wake, akasema twende kijijini.

Tulishuka kwa miguu, tukaingia kwa Bi Sezaria, bibi aliyekuwa na wajukuu wawili wagonjwa. Baada ya salamu nikamwuliza chumvi. Akasema kijiko kimoja. Sista Daktari akanigusa bega. "Mwambie asiseme. Aoneshe."

Bi Sezaria akatoa chumvi ya Uvinza, ile nzito yenye unyevu, akachota kwa kijiko. Kilijaa. Akaongeza kwa vidole, akakandamiza, akaongeza tena, mpaka chumvi ikasimama juu ya kijiko kama kichuguu, ndipo akakiinamisha juu ya maji, taratibu isimwagike. Kijiko chenyewe kilikuwa cha kulia wali. Halafu akachota sukari, akaipitishia kidole juu, ikawa sawa na ukingo.

"Mbona chumvi huikati, bibi?" nikamwuliza.

Akanijibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu, kwa heshima ya mgeni. "Sukali tunaikata kwa sababu haipo. Chumvi ipo. Sasa mtoto anaumwa, wewe unamkatia chumvi? Hata mtu baki anayekuja kununua malagwe humkatii."

Nyinyi mmekulia kwenye mizani, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Kwetu debe la maharage lilipimwa mpaka juu likachongoka, na muuzaji akaongeza konzi moja ya mwisho huku mnunuzi anatazama. Wafanyabiashara Waswahili wa soko la Biharamulo walikuwa na majina ya mambo haya: kipimo cha tele ni kile kilichochongoka, cha mfuto ni kile kilichokatwa usawa wa ukingo. Kumpimia mtu mfuto ilikuwa kumwambia humpendi. Binti akipimia wageni mfuto, mama yake aliona haya. Kwa hiyo mwanamke wa kwetu akikwambia kijiko kimoja, amesema kweli tupu, na ile tele haitaji, kama vile usivyotaja kwamba maji ya kunywa yamo ndani ya kikombe.

Njiani nikamweleza Sista Daktari habari ya tele na mfuto, mpaka tukafika kwenye mteremko wa mwisho. Hapo Sista Daktari akasimama apumzike, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Babu yake alikuwa mkulima wa ngano, na kule kwao walikuwa na kijiti maalumu cha kupitisha juu ya kipimo ili kukikata. Watu waligombana sokoni juu ya kijiti kile, nani akishike, kipite kwa nguvu au kwa upole. "Tuna maneno hayo hayo mawili," akasema. "Raso na colmado. Mfuto na tele. Nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, na sikuuliza."

Shikeni hili, wanangu, hata mkisahau koma zote. Kipimo usikifasiri mpaka umeuona mkono unaokipima.

Tulipofika ofisini Sista Daktari alikuwa amekwisha kuamua. "Kesho waite akina mama wote. Nitawafundisha kukata kijiko kwa kisu. Raso, raso, raso."

Nikamwuliza, "Na Verediana atakaa wapi?"

Akaweka mfuko wake mezani. Nikaendelea. Nikamwambia kwamba nikisimama mbele ya wanawake wote na kufasiri kwamba kijiko cha tele kinamdhuru mtoto, Verediana ataelewa kabla sijamaliza sentensi. Atajua kilichomo ndani ya kikombe alichomnywesha Deo. Sista Daktari akasema yeye mwenyewe hana hakika. Mtoto alikuwa amedhoofika, huenda angekufa kwa vyovyote. Hakuwa na hakika, na mimi sina mpaka leo. Lakini Verediana angekuwa nayo.

"Na asiposikia," akasema, "atampimia hivyo mtoto mwingine. Unataka nimfiche ili azike wa pili?"

Alikuwa na haki, na haki yake ilinikasirisha mpaka nikalia, nimeshika ukingo wa meza. Sista Amparo, aliyekuwa anasahihisha kadi zangu kimya kimya, akavua miwani.

"Mnagombania kisu," akasema. "Tafadhali, tafuteni chombo."

Akainama, akavuta kizibo kimoja cha bia chini ya mguu wa meza. Taipureta ikainama upande. Akaenda na kizibo chake jikoni, akakijaza chumvi mpaka ikachongoka, akajaribu kuongeza, chumvi ikamwagika pembeni. Akaongeza tena, ikamwagika tena. Kizibo ni kipana na kifupi, tele yake ina mwisho.

Sista Daktari akaleta mizani ya dawa. Akatuita sote tuliokuwepo, mimi, mpishi, mfagizi, wagonjwa wawili waliokuwa wanaota jua, kila mtu ajaze kizibo kwa ukarimu wa kwao. Vilikaribiana sana. Basi akafanya kinyume cha alivyopanga. Aliiacha chumvi na tele yake, akaongeza maji mpaka yakalingana nayo, maji ya chupa za bia zilizojaa, kwa sababu maji hayana tele. Ukizidisha yanaondoka yenyewe. Sukari ikapimwa kwa kizibo hicho hicho. Hesabu yenyewe siwaandikii hapa msije mkajaribu nyumbani. Siku hizi kuna pakiti zahanati, nendeni mkachukue.

Ikabaki taarifa ya Hispania. Ilikuwa na safu ya sababu za kifo, na kwenye mstari wa Deo Sista Daktari alinisomea niandike "error de la madre", kosa la mama. Vidole vyangu havikushuka. Nikasema kwa Kihispania changu kibovu kwamba kazi yangu ni kuwapelekea wenzao kilichotokea huku, na kilichotokea huku hakikuwa hicho. Yeye akasema namba lazima isimame pale, haiwezi kufichwa. Nikamwambia namba nitaiandika yote, mpaka desimali. Akatembea mpaka dirishani, akarudi.

"Andika medida colmada," akasema.

Kipimo cha tele. Nikaandika, kwa herufi ndogo kama inavyotakiwa, na chini nikaweka uzito wa gramu kwa koma, na neno "unos" mbele yake, kwa maana ya kadiri. Miezi baadaye wale marafiki wa Hispania walituandikia wakitaka tuondoe vizibo tubakize gramu tu, ripoti ipendeze. Sista Daktari aliwajibu kwa mkono wake kwamba akina mama wa hapa hawana gramu, wana vizibo. Barua ile niliipiga nakala kwa raha kuliko zote maishani mwangu.

Siku ya mafunzo akina mama walikuja, wakajaa uwanja wa hospitali. Tulikuwa tumeokota vizibo kila mahali vilabu vilipowahi kuwa na bia, mpaka Ngara mjini, tukavichemsha. Nilifasiri maelezo yote. Waambie wajaze, anasema Sista, wajaze mpaka imwagike. Wakafurahi sana. Mmoja akasema leo ndiyo mara ya kwanza anamwona mzungu asiyebana kipimo, na sikuifasiri hiyo. Hakuna aliyesema neno juu ya vijiko, ila kwamba tumeviacha kwa kuwa vya kila nyumba vina ukubwa wake, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Verediana alikuwepo, nyuma, amejifunika kanga kichwani. Alijaza kizibo chake kama wengine. Watu walipotawanyika alibaki, akaja mpaka mezani nilipokuwa nakusanya chupa, Sista Daktari akiwa pembeni anafunga mizani kwenye kitambaa. Akaninong'oneza kwa Kihangaza.

"Anatolia, leo tumeambiwa tujaze mpaka imwagike. Hivi Deo mimi nilimpimia kidogo?"

Sista Daktari aliona uso wangu. Akaniuliza kwa lugha yake amesema nini. Nikafasiri. Sikuongeza wala sikupunguza, ni sentensi fupi, na ndiyo niliyoifasiri kwa shida kuliko zote nilizowahi kupewa. Kisha nikangoja jibu lake, nikijua kwamba lolote atakalosema nitalazimika kulisema.

Hakunipa mimi. Aliweka mizani chini, akamsogelea Verediana, akamshika mikono yote miwili, akatafuta Kiswahili chake kile kisichovuka salamu.

"Hapana, mama," akasema. "Haikuwa kidogo. Hapana kidogo."

Verediana akamtazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayengoja mfasiri wake athibitishe.

"Ndivyo," nikamwambia. "Hukumpimia kidogo."

Akashusha pumzi. Akafunga kizibo kwenye ncha ya kanga, akakaza fundo.

"Basi baba yake akirudi," akasema, "nitamwambia mtoto wake sikumnyima kitu."